Niliwaambia Kimya ni Salama

Wanangu mnaoingia kwenye unesi sasa, na ninyi wengine mnaosoma haya kwa kuwa mmekaa kwenye benchi mkisubiri kuitwa, naitwa Somoe. Watu wa Ruangwa wananijua kama Sista Somoe wa chumba cha mwisho. Nimekuwa nesi miaka thelathini na minne, na kumi na mmoja ya mwisho niliitumia kuchunguza wanawake saratani ya mlango wa kizazi, katika kituo ambacho jina lake nitaliacha, kwa sababu kosa nitakalolisimulia ni langu na si la jengo. Mwaka jana nilipimwa mimi mwenyewe. Nawaambia mapema kwamba majibu yangu yalikuwa mazuri, msije mkanililia bure. Ninayewaandikia habari zake ni mwanamke mmoja wa Likunja, ambaye majibu yake niliyapokea kwa mkono huu na hayakumfikia.

Lakini bila kupimwa mimi nisingemkumbuka, kwa hiyo nianzie huko.

Nilishastaafu, nimerudi kwetu Mkotokuyana upande wa Nachingwea, nahangaika na mikorosho ya marehemu baba. Siku moja naona damu kwenye kanga. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, hedhi nilishaisahau kama nilivyosahau kucheza rede, halafu naona damu. Nilipigwa na butwaa. Mnajua nilifanya nini? Niliifua ile kanga, nikaianika, nikasema ni mambo ya uzee. Siku kumi nilikaa hivyo, mimi niliyekuwa nasimama sokoni Ruangwa na kipaza sauti nikiwaambia watu kwamba damu baada ya kukoma hedhi haingojwi. Mganga hajigangi, wamesema wahenga. Hawakusema kwamba pia hujidanganya, tena kwa ustadi kuliko mgonjwa yeyote.

Aliyenikamata ni mume wangu, Mzee Hamisi. Aliuliza tu, "Hiyo kanga moja unaifua kila siku, ina nini?" Kesho yake nilikuwa Ruangwa.

Chumba changu nilikikuta na nesi kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, Rehema. Nikapanda kitandani. Jamani, kile chuma tunachofungulia njia ni cha baridi! Miaka kumi na mmoja nimewaambia wanawake "baridi kidogo tu, mama," na hakuna aliyewahi kunipinga, kumbe walikuwa wananistahi. Nikamwambia Rehema akipashe kwenye maji ya vuguvugu. Akasema, "Bibi, tulia, mbona wewe hukuwa unapasha?" Nikatulia. Lakini ninyi pasheni.

Akakata kinyama kidogo, kama punje ya mtama, akakitia kwenye kichupa cha dawa. Akaniambia majibu yanatoka nje ya mkoa, yatachukua wiki tatu, nne hivi. Halafu akanipigapiga begani.

"Usipaniki, Bibi. Ukiona kimya, ujue uko salama."

Nikainuka kwa kiwiko. "Nani kakwambia maneno hayo?"

Akanyoosha kidole ukutani. Palikuwa na karatasi iliyofifia, imebandikwa kwa plasta za kufungia vidonda: UKIONA KIMYA UKO SALAMA. Herufi kubwa, kalamu nene ya buluu, na ile S yangu yenye mkia. "Si ni wewe, Bibi?" akasema Rehema.

Nilisoma mwandiko wangu huku miguu ikiwa bado juu, na sikuamini kwamba mtu mwenye akili timamu aliweza kuandika vile.

Niwaeleze maneno yale yalizaliwaje. Nilipoanza kwenye chumba kile, mara nyingi majibu yalikuwa ya palepale. Unapaka siki kwenye mlango wa kizazi, unangoja kidogo, pakiwa peupe unajua kuna kitu, na kama kinatibika unatibu siku hiyohiyo. Wenye madoa ya kutiliwa shaka tu ndio tuliwakata kinyama, na hao ndio walionisumbua. Walikuwa wanatembea kutoka vijijini kila wiki kuja kuuliza, wanajaza benchi, wanalia, wanaanzisha wengine kulia. Niliwaonea huruma, na kusema kweli walinichosha. Ndipo nikawaambia waende wakalime, sisi tutapiga simu kukiwa na tatizo tu. Kimya ni salama. Walilipenda neno lile, wakawa wanaagana nalo mlangoni. Benchi likapungua watu, wakubwa wakanisifu, na mimi nikajisifu zaidi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, hata mtoto wa darasa la pili analijua hilo. Sista wa miaka ishirini na ushee kazini hakulikumbuka.

Aliyenifundisha kazi, Nachingwea, alikuwa Sista Skolastika, mama mfupi mwenye sauti kama ya mwalimu wa gwaride. Enzi zake ute wa mlango wa kizazi ulipakwa kwenye kipande cha kioo, vioo vikafungwa kwenye gazeti, vikatiwa kwenye boksi, vikasafiri kwa basi kwenda kupimwa. Safari moja utingo alikalia boksi. Vioo vya wanawake tisa vikawa unga. Sisi vijana tulidhani atawaambia majibu yamechelewa. Yeye akawaita wote tisa, mmoja mmoja, akawaambia vimevunjika, samahani, panda kitandani tena. Mmoja alimtukana vibaya. Nilicheka sana siku ile, nikaona mtu mzima anajidhalilisha. Tena alikuwa na msemo: "Mgonjwa usimpe kimya, mpe siku." Kila mwanamke aliondoka kwake na tarehe, majibu mazuri au mabaya, na aliirudia tarehe kwa mdomo wake kabla ya kutoka. Niliuona huo ni ushamba wa zamani. Mwenzenu nilikuwa mjanja.

Basi nikarudi Mkotokuyana na kimya changu. Wiki ya kwanza nilijitahidi. Ya pili nikaanza kwenda na simu hadi chooni. Kwetu mtandao hukamatika vizuri juu ya kichuguu kimoja nyuma ya jiko, na Mzee Hamisi alinikuta nimesimama pale, ajuza mzima, simu juu kama bendera. Hakucheka, akaniletea kigoda. Nilitia chumvi kwenye chai, nikaunguza ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha tu kwenye maji. Jirani yangu alinipa majina ya wanawake watano waliokufa, bila kuulizwa.

Na nikagundua jambo ambalo lilinishtua kuliko ile damu. Kimya hakina mwisho. Simu ikilia unaogopa, isipolia huwezi kufurahi, maana labda italia kesho. Hakuna siku utakayoamka ukasema sasa kimya kimetosha, nimepona. Nilikuwa nimewapa wanawake mamia dawa isiyo na kipimo.

Yapo yaliyonisaidia, nitawaambia. La kwanza nilimchagua mtu mmoja wa kumwambia hofu yangu, mume wangu, na yule jirani nikaacha kwenda kwake. Mikono nayo inataka kazi, na kubangua korosho kunafaa sana, kwa sababu ukiwaza mambo mengine unakatika kidole. Tena msifanye maamuzi makubwa kabla ya majibu. Namkumbuka mama mmoja aliyekatwa kinyama akaenda nyumbani akagawa vyombo vyake kwa dada zake, sufuria huku, sinia kule, hadi mchi na kinu. Majibu yakatoka safi. Alichukua mwezi mzima kuvidai, na dada mmoja mpaka leo hasemi naye, eti zawadi hairudi. Na kubwa kuliko yote ni kujua kwamba kuitwa siyo kufa. Wengi wanaoitwa wana mabadiliko tu, yanatolewa kabla hayajawa saratani. Hilo nalijua kama jina langu, na bado lilikuwa linanitoka kichwani kila simu ilipolia.

Mwisho nikampigia Rehema nikiwa kwenye kigoda changu. "Nipe siku."

"Bibi, siku gani tena? Yakija tuta..."

"Nipe siku, Rehema. Yawepo yasiwepo, nitakuja."

Akafikiri. "Jumanne ijayo."

Mtanishangaa, lakini hofu ilipungua palepale ikawa ya kubebeka. Ilikuwa na mwisho sasa. Nikateremka kwenye kichuguu, nikapika ugali, nikala nikashiba. Na kichwa kilipopata nafasi, likaingia humo jina ambalo sikuwa nimelifikiria tangu nistaafu: Mariamu Saidi.

Jumanne nikaenda. Rehema akanisomea majibu: uvimbe mdogo wa kawaida, hakuna saratani, nirudi kuuondoa. Nikamshukuru Mungu, nikalia kidogo, nikajifuta. Kisha nikamwomba rejista ya zamani, ile ya miaka minne nyuma. Niliupata ukurasa bila kutafuta sana. Mariamu Saidi, miaka thelathini na nane, Likunja. Kinyama kimepelekwa. Majibu: chembe zimebadilika sana, bado si saratani, aitwe haraka atibiwe. Na mbele yake, kwa mwandiko wangu: Hakupatikana. Chini nilikuwa nimepiga mstari kwa rula.

Nilikumbuka yote. Namba aliyoacha ilikuwa ya shemeji yake, haikupatikana. Nikamtuma mwenzangu mmoja, mgeni kutoka Kanda ya Ziwa, akaenda Likunja akauliza kwenye nyumba kadhaa. Akarudi akasema hakuna mtu wa jina hilo, labda alidanganya kijiji. Wengine huwa wanadanganya, kwa aibu. Nikapiga mstari, nikaenda kunywa chai. Rula, wanangu. Nilitafuta rula.

Nikaichana ile karatasi ya ukutani, Rehema akiniangalia tu, nikatoka nikachukua bodaboda kwenda Likunja.

Ulikuwa msimu wa korosho. Kila niliyemuuliza alikuwa na ndoo mkononi, na kila mmoja aliniambia kama walivyomwambia mwenzangu, kwamba hapo hakuna Mariamu Saidi. Nikafika kwa bibi mmoja anachambua korosho barazani, nikaomba maji. Akanitazama nikinywa.

"Unantafuta Mariamu wa namna gani?"

"Mama wa makamo, bibi. Wa miaka arobaini na kitu."

"Mariamu ntu nkubwa hatuna. Wapo vitoto vya shule." Akachambua korosho mbili tatu. "Hilo ni jina lake la utoto, au alilotoka nalo unyagoni?"

Nikaiweka glasi chini.

Wasomaji wa mbali hamtajua, kwa hiyo nieleze. Kwetu msichana akitoka unyagoni anatoka na jina jipya. Lile la utoto linaachwa hukohuko, na kumwita mtu mzima kwa jina la utoto ni kumvunjia heshima. Ila shule ilishaliandika la kwanza, na kadi ya kura imelifuata la shule. Mwanamke anakuja hospitali na kadi, tunaandika la kwenye kadi. Kijijini hakuna anayelitaja tena, na wadogo hawajawahi hata kulisikia. Mwenzangu wa Kanda ya Ziwa angelijuaje hilo? Lakini mimi! Mimi shuleni niliitwa Fatuma. Somoe ni jina langu la unyagoni. Mtu angekuja Mkotokuyana kumtafuta Fatuma angerudishwa na mume wangu mwenyewe. Na kwa miaka kumi na mmoja sikumuuliza mwanamke hata mmoja, "Kwenu wanakuitaje?"

Bibi akainama karibu, kwa sauti ya chini, kwa sababu jina lile halisemwi hovyo. "Ndiyo Asumini huyo. Yuko nkoroshoni kwake, fuata njia hiyo."

Nilimkuta amechuchumaa anaokota, ananyonga korosho kutoka kwenye bibo, lile tunda lake lenye maji, korosho inaingia kwenye ndoo, bibo linarushwa pembeni. Mikono yake ilikuwa na kasi. Aliponiona akasimama, uso mzima ukafunguka.

"Sista Somoe! Karibu, karibu. Umenifuata hadi huku?" Akanishika mikono yote miwili na utomvu wake. "Mimi nawasimulia wenzangu habari zako. Nawaambia, Sista alisema kimya ni salama, na kweli, mwaka wa nne huu hamjanipigia. Nimekaa salama."

Nikamuuliza swali la kazi, ndilo pekee lililokuja. "Damu unaona, Asumini?"

"Aa, kidogo. Baada ya kukutana na baba watoto. Na mgongo unauma, lakini huu wa kuokota korosho." Akanitazama usoni. "Si mngepiga simu?"

Miaka thelathini na minne nimewapa watu habari mbaya. Najua kuketi nao, kusema polepole, kunyamaza pale inapotakiwa. Siku ile nilisimama kwenye majani makavu nikayamwaga yote kwa mkupuo kama mtoto aliyevunja chungu: majibu yalikuja, yalisema urudi, tulikutafuta kwa jina la kadi, hatukukupata, nikaacha. Yeye alikuwa na bibo mkononi. Alilibana bila kujua, maji yake yakamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Miaka minne?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Minne?"

Kesho yake tulikuwa Ruangwa. Rehema akapasha chuma. Daktari akamwangalia, akakata kinyama kingine, uso wake haukunipendeza. Safari hii nilidai siku kabla Asumini hajashuka kitandani, tukapewa Alhamisi ya wiki mbili mbele. Akairudia kwa mdomo wake: Alhamisi.

Siku zile nilikuwa zaidi Likunja kuliko nyumbani. Tulikubaliana kwamba hofu tutaizungumza wakati wa kupika cha mchana tu, na chakula kikiiva tunaifunika. Kuna siku ilifanya kazi. Nilimsimulia mama aliyegawa vyombo, akacheka hadi akashika mbavu, akasema dada zake yeye wangeanza kugombania kabla hajagawa. Siku nyingine alikuwa anakuna nazi, akauliza kama saratani inauma. Nikamwambia ukweli. Hakunilaumu hata mara moja, na mimi nikawa najidanganya kwamba hana lawama. Kila siku nilijiambia labda bado, labda zile chembe zilikaa palepale zilipokuwa. Wakati mwingine hukaa. Nilimwomba Mungu hilo tu.

Alhamisi ikafika. Daktari alikuwa mtu mzima mwenye adabu, alitukalisha. Akasema ni saratani, na imeshatoka kwenye mlango wa kizazi, imeingia sehemu za jirani. Akasema matibabu yapo, ni ya mionzi, ni Dar es Salaam, ni wiki nyingi, na asichelewe. Asumini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ile ya miaka minne iliyopita, dokta, ningetibiwaje?"

Daktari alinitupia jicho. Angeweza kuzungukazunguka, hakuzunguka. "Ile ilikuwa kazi ya asubuhi moja, mama. Mchana ungekuwa nyumbani."

Tulitoka nje tukasimama ukutani, kwenye kivuli chembamba. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi, nimeyapanga njia nzima. Nikaanza, akanizuia kwa kiganja. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kweli kuelewa.

"Sista, mimi siku ile nilikuwa na hofu. Nilikuwa nimepanga nitakuja kila Jumatatu kuuliza, hata kwa miguu. Nilikwambia. Wewe ukanicheka, ukasema nenda kalime." Akaikunja karatasi ya rufaa aliyopewa na daktari, mara mbili, akaitia kwenye pindo la kanga. "Hofu yangu ulinichukulia ya nini? Ungeniachia. Ingenileta."

Akaanza kutembea, nikamfuata, tukaenda stendi kuulizia basi la Dar es Salaam.